Natafuta Kutumika

Wiki jana mwanamke mmoja aliingia ofisini kwetu Kilimani, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani, akasema, "Natafuta kutumika." Kijana wa mapokezi aliinamia kompyuta ili asionekane akicheka. Mimi nilimwomba yule mama aseme tena. Rafiki yangu, sikuwa nimekosa kumwelewa. Ni miaka mingi tangu nilipolisikia neno hilo, na mtu wa mwisho kulisema mbele yangu alikuwa mama yangu mzazi.

Kwetu Bukavu kutumika ni kufanya kazi, basi. Ukitaka kujua fulani ameajiriwa wapi, unauliza anatumika wapi. Hapa Nairobi kinachotumika ni ufagio. Hilo hatukulijua tulipofika, mama na mimi, nikiwa na miaka tisa. Baba alibaki kule na hatukupata habari zake tena. Tulipanga chumba kimoja uani, nyuma ya nyumba ya mtu huko Mountain View. Kule nyumbani mama alikuwa fundi wa kushona magauni ya maharusi, lakini cherehani haibebeki ukiwa unakimbia, kwa hiyo aliamua kufulia watu nguo.

Jumamosi tuliamka mapema tukatembea hadi Loresho, kwenye zile nyumba zenye ua mrefu wa michongoma, tukabisha geti moja baada ya jingine. Mama alikuwa na sauti nzuri, nzito kidogo. Alipopiga pasi chumbani kwetu aliimba mpaka jirani, mama mmoja wa kutoka magharibi, alikuja kusimama mlangoni na sufuria yake ya mrenda, akasahau alikuwa anakwenda wapi. Sauti hiyohiyo ndiyo aliyoitumia kwenye mageti. "Jambo. Natafuta kutumika."

Askari wa geti la kwanza alimwita mwenzake aje asikie. "Ati kutumika? Utumike na nani, mathe?" Walicheka wakashikana mabega. La pili, hivyohivyo. La tatu walituiga tukiwa tunaondoka. Nilimwambia mama aseme "kazi", naye akaitikia vizuri, lakini akifika mbele ya watu ulimi ulirudi kwao. Jumamosi tatu zilipita hivyo. Nyumbani tulikula bugali na sombe aliyoitwanga mwenyewe kwa majani ya muhogo ya kuomba, kisha hata hayo yakawa shida kupata.

Jumamosi ya nne, geti lilifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, mama wa makamo aliyevaa sweta. Nilimwona mama yangu anavuta pumzi aseme, nami nikamwahi. Nilisema anatafuta kazi ya kufua. Yule mama akamtazama. "Na mbona haongei?"

Nikasema, "Ni bubu."

Sijui lilitoka wapi. Nadhani nilikuwa nimechoka kuchekwa tu, na sitaki kujipamba kwako: nilimwonea haya mama yangu. Yeye alinitazama kidogo, halafu akainamisha kichwa, akakubali.

"Ngai, pole," yule mama akasema. "Lakini anaskia?"

"Anaskia."

"Basi aingie. Mwenye haongei hatapeleka maneno yangu kwa majirani."

Jioni hiyo tulirudi na unga na kipande cha sabuni ya mche. Nililia, nikamwambia mama kwamba Jumatatu nitakwenda kusema ukweli. Alikuwa anachochea jiko. Akasema, "Kama njo vile kazi inataka, mitanyamaza." Kisha akanipakulia.

Alinyamaza katika nyumba hiyo miaka kumi na mmoja. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alimpa nguo, alimpa chai, alimsimulia siri zake zote kwa sababu aliona ni kama kumsimulia ukuta. Siku za likizo nilikwenda kusaidia kuanika. Siku moja pasi ilimchoma mama kiganja, nami nilikuwa dirishani nikamwona. Alifumba macho, akaliuma kitenge chake, akabaki hivyo mpaka maumivu yakapungua. Hakutoa hata mguno. Mwenye nyumba alikuwa sebuleni, hatua chache tu, akipiga simu.

Nilidhani angalau chumbani kwetu angebaki yuleyule. Kwanza alikuwa anarudi na kuongea kwa kufidia kimya cha siku nzima. Baadaye aliongea kidogo. Baadaye wimbo wa pasi ukakoma, na jirani akaniuliza kama mama anaumwa. Hata barabarani, ambako hakuna aliyemkataza, aliniachia mimi niongee. Nami nilikuwa nishajifunza kuongea kama watoto wa hapa, na nilifurahi kuachiwa.

Tulipomzika, mwaka juzi, yule mama wa Loresho alikuja. Amezeeka sasa. Alinishika mikono miwili akasema, "Mami yako hakuwahi kuniambia hata neno moja, lakini nilimpenda." Nikamshukuru. Huo ungekuwa wakati wa kusema ukweli, na sikuusema.

Sina sauti ya mama mahali popote. Hatukuwa watu wa kurekodi. Nimejaribu kuongea kama yeye nikiwa peke yangu jikoni. Nasema bugali, nasema njo vile, na kinachotoka ni mtu wa Nairobi anayeiga wageni, kama wale askari wa geti.

Ndiyo maana nilimwomba yule mwanamke aseme tena. Nilitaka kulisikia mara moja tu, polepole, kwa lafudhi ileile. Lakini alidhani amekosea. Alimtazama kijana wa mapokezi, akanitazama mimi, akashusha macho na kujirekebisha.

"Samahani, madam," akasema. "Natafuta kazi."