Tangi la Pili

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Tik! Kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Karakana nzima tukaganda.

Jamani, tangi la chuma la tani mbili halitakiwi kusema kitu.

Niwaeleweshe kidogo. Kuna sumaku ambazo hazifanyi kazi mpaka uzizamishe kwenye kimiminika cha baridi kali, baridi ambayo mbele yake friji yako ni jiko. Kimiminika hicho kikipata joto kinageuka gesi na kutanuka mara mia kadhaa. Tangi lake halina utani.

Mchoro wa tangi hilo niliuchora mimi. Aliyelichomelea ni shemeji, mume wa dada yangu. Mshono wake ukiupapasa utadhani chuma kilizaliwa hivyo.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunalipoza kwa majaribio. Baada ya ile tik, ukungu mweupe ukachuruzika chini ya tangi, ukatambaa sakafuni taratibu kuja miguuni kwetu.

"Funga valvu! Wote nje!" bosi akafoka.

Kesho yake tukaitwa ofisini, mimi na shemeji.

"Mchoro au mchomeleo?" bosi akauliza.

Nilikuwa nimeshaupitia mchoro. Nguzo za ndani nilizibana pande zote mbili. Chuma kikipoa kinanywea. Kikikosa nafasi ya kunywea, kinapasuka.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akasema, "Mchomeleo. Mkono uliniteleza."

Akafukuzwa palepale.

Nikamkimbilia getini. "Shemeji, kwa nini? Wewe umeuona ule ufa!"

"Nimeuona. Haukuwa kwenye mshono wangu." Akavuta zipu ya begi lake la vifaa. "Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi mikono yangu inajulikana, sitakosa kazi. Nyamaza, yaishe."

Nikanyamaza.

Nyumbani dada alikuwa amemnunia mumewe kwa uzembe wake, na mimi nipo hapohapo mezani, nakula.

Siku ya kumi nikapita mlangoni kwa bosi. Alikuwa kwenye simu, anacheka.

"Mchoro uko safi kabisa, fundi ndiye aliyeharibu. Nyie jazeni tu."

Nikaingia bila hodi. "Jazeni nini?"

"Tangi la pili. Maabara ya chuo tuliwapa mchoro wako, wamejichomelea la kwao. Wanalipoza leo."

Nikamsukumia simu mkononi.

"Bosi, wasimamishe! Kosa ni langu! Ni mchoro!"

Akanitumbulia macho, kisha akapiga. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, lakini hakuna aliyeongea. Tulisikia kengele tu, inalia, inalia.

Walioingia chumba cha tangi kule chuoni walikuwa watano. Waliotoka, wanne.

Wa tano alirudi kufunga valvu. Gesi ile haina harufu. Inafukuza hewa chumbani, unavuta pumzi mbili tatu, unaanguka bila hata kukohoa.

Nilikwenda kumwambia shemeji mwenyewe. Alikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Nilidhani nakuokoa wewe," akasema.

Hakunilaumu. Bora angenitukana.

Leseni yangu ilichukuliwa, na ilikuwa haki. Unayesoma hapa, kama kuna mtu amekubali kubeba kosa lako, usishukuru. Kalitaje leo. Huenda kuna watu wanalifanyia kazi hivi sasa, na hawajui.