Mzee Hemedi na Utulivu wa Kuazima

Miaka ile ya foleni, pale Visiga, mtu akitaka kumsifu mwenzake kwa upole alimfananisha na Hemedi, mwuzaji wa duka la kijiji. Foleni ya sukari igeuke ngumi, Hemedi yuko nyuma ya mizani, anasubiri wamalize kupigana awapimie. Mama yake alipofariki hakudondosha chozi, na waliokuja mazikoni wakarudi makwao wakisimulia subira yake. Walisema Mungu anampa amtakaye. Mungu wa watu akasingiziwa, kwa maana subira ile ilitoka hospitali.

Ilianza mwaka wa kuhamia vijijini. Hemedi aliacha mikorosho yake upande wa Soga, akasimama kando akitazama paa la nyumba yake likiezuliwa, kisha akaletwa na wenzake kukaa karibu na barabara ya Morogoro. Tangu hapo moyo wake ukawa unakwenda mbio bila kukimbizwa na mtu. Huko mjini alikopelekwa akapewa vidonge vidogo vya njano, ameze mpaka atulie. Akatulia. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuwa mtu wa maswali: amepewa kijiji akakaa, amepewa vidonge akameza.

Akameza mpaka dawa zikaadimika nchini kama sabuni. Hapo ndipo Nesi Laurentia wa zahanati alipomwita pembeni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, vidonge vyako havipatikani tena. Na hata vingepatikana, hivi si vya kumeza miaka nenda miaka rudi. Mwili umeshavizoea. Itabidi tuviache."

"Basi kuanzia kesho sivigusi," akasema Hemedi, kwa utulivu wake ule ule.

"Ala! Ukikata ghafla utaanguka kifafa, mzee. Nimekuwekea vichache vya kupunguzia. Tutashuka polepole, na ukishashuka usipande tena. Hofu itakuja. Ikija, kaa nayo, vuta pumzi taratibu, fanya kazi ya mikono. Itapita."

Hofu, asema! Hemedi alicheka moyoni. Yeye na hofu wapi na wapi?

Mkewe Sikuzani ndiye aliyepewa kazi ya kukata. Akageuza sahani, akakata kidonge kwa wembe, kwanza nusu, na baada ya wiki kadhaa robo. Na hofu ikaja kweli, tena haikupiga hodi. Viganja vikatoka jasho, masikio yakawa yanalia, usingizi ukahama nyumba. Kuku akipiga mbawa uani, Hemedi anaruka. Alimwogopa mteja aliyekuja kununua kiberiti, na mteja alipoondoka akaogopa kwamba hatarudi. Akienda shambani kupalilia mihogo, walau mikono ilipata cha kushika. Huko alivuta pumzi alivyofundishwa, akijiambia, "Hii ni dawa inatoka, Hemedi. Hakuna simba hapa."

Sasa kutetemeka si dhambi, lakini ule ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na mwuza duka anayetetemeka alikuwa kama ameshakiri. Kijiji kikakubaliana bila kikao kwamba Hemedi ana magunia ya sukari chini ya kitanda. Mgambo wakaja, wakainama, wakakuta kuku anaatamia. Kuku akamdonoa mkubwa wao kidole. Waliondoka kwa heshima, mmoja akiuliza kama mayai yale yanauzwa.

"Waambie ukweli," Sikuzani akamsihi. "Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Niwaambie kwamba yule Hemedi waliyemsifu alikuwa kidonge?"

Lakini lililomkosesha raha zaidi halikuwa mgambo. Binti yao Mwanakheri alikuwa anaolewa na Isihaka, kijana wa Kisarawe, na Hemedi alishatangaza zamani kwamba mwanawe atamwozesha kwa kinywa chake mwenyewe: atashika mkono wa mkwe mbele za watu na kulitamka neno. Mkono gani sasa, na kinywa gani? Sheikh Mwinyimadi, mtu wa huruma, akamwendea. "Nipe uwakala, Mzee Hemedi, nikuozeshee. Hakuna aibu, wengi hufanya hivyo."

Ingekuwa rahisi. Rahisi zaidi ilikuwa kumeza kidonge kizima asubuhi ya ndoa, na Hemedi alikiwaza sana. Lakini kadiri vidonge vilivyopungua alikuwa amegundua jambo lililomtia uchungu. Kila alipojaribu kumkumbuka Mwanakheri akiwa mdogo, alimwona kama mtu anavyoona nje akiwa ndani ya chandarua. Mtoto alikua, akavunja ungo, akachezwa ngoma ya unyago, naye baba mtu alikuwepo na hakuwepo. Hii ndoa alitaka aione kwa macho yake, hata kama macho yenyewe yana hofu. Akamkatalia sheikh, akameza robo yake kama kawaida, akavaa kanzu.

Mkekani, Hemedi akaupokea mkono wa Isihaka. Mkono wake ukaanza kutikisika mpaka kofia ya bwana harusi ikatikisika pia. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akajaribu tena, ikatoka kikohozi. Wajomba wa Isihaka wakatazamana, maana baba anayeshindwa kulitamka neno ama hataki ndoa ama ana lake.

Hapo akainuka Abeid, Mnyamwezi wa mashamba ya mkonge, mtani wake wa siku nyingi. Mtani hazuiwi, iwe msibani au harusini.

"Simamisheni ndoa!" akanguruma. "Mzaramo huyu ameficha kitu! Sukari haikuonekana, basi kuna kingine. Sema, mtumwa wangu, umeficha nini?"

Watu wakaanza kucheka. Hemedi akamtazama Abeid, akatazama ile kadamnasi, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kutunga uongo, akasema kweli.

"Nimeficha vidonge! Subira yote mliyonisifia ilikuwa vidonge vya hospitali. Sasa naviacha, na ninaogopa. Nawaogopa ninyi nyote hapa, mpaka huyu bwana harusi!"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Wajomba wa Isihaka walishika mbavu. Abeid akajifuta machozi, akainua mikono: "Leo Mzaramo kanishinda, wallahi!" Katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyemwamini. Hemedi alikuwa amelianika kovu lake mchana kweupe, na wao wakampigia makofi.

Ajabu ni kwamba kifua kilimfunguka. Huku akitetemeka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, akalitamka: "Isihaka, nimekuozesha binti yangu Mwanakheri." Kijana akajibu kwamba amekubali, na Sheikh Mwinyimadi akaomba dua haraka, asije mtani mwingine akainuka.

Wakati wa pilau sifa zikaanza upya. Mzee Hemedi kiboko! Ona alivyojua kuigiza, mpaka machozi! Mtu mwenye roho tulivu ndiye awezaye mchezo ule. Hemedi aliwasikia, akakata tamaa ya kuwasahihisha.

Mwanakheri alitolewa kumuaga. Chumbani alikokuwa alisikia yote, na yeye hakucheka. Akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, yale ya vidonge ni kweli?"

"Kweli, mwanangu."

"Na yale machozi?"

"Yale pia."

Mwanakheri akainamisha kichwa. "Mimi nilijua nitaondoka nyumba hii, wala wewe hutaona tofauti."

Hemedi alitafuta jibu la kibaba, lenye busara, mfano wa yale aliyokuwa akiyatoa bila taabu miaka yote.

"Naona tofauti," akasema. "Inaniuma. Sitaki uende."

Binti akaishika ile mikono miwili iliyokuwa ikitetemeka, akakaa nayo, huku nje dereva wa lori la Kisarawe akipiga honi.