Sendofu ya Makambako, Kompyuta ya Njombe

Damiano ana hasira za karibu, wala hazifichi. Watu wa Njombe wanaomwita kupiga video za harusi wanajua atagombana na MC, atamfokea mtu wa muziki, na mwisho atawaletea filamu ya kuwaliza. Kompyuta anayohariria iko chumbani kwake, nyumbani kwa mama yake, Hulda.

Jumamosi ile alikuwa ukumbini Makambako, kwenye sendofu ya Dorosela, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao. Kabla ya chakula ilipangwa ionyeshwe filamu ya marehemu mama wa bibi harusi, aliyoirekodi Damiano mwenyewe, mama akimwusia binti yake wiki chache kabla ya kufariki. Damiano akachomeka flashi, na ukutani ikatokea harusi ya watu wengine kabisa. Alikuwa amebeba flashi nyingine.

Filamu ilikuwa Njombe, kwenye kompyuta aliyoiacha inawaka. Si neno, alijiambia. Kwenye simu yake alikuwa na programu tatu za kuiendesha kompyuta akiwa mbali, ambazo amekuwa akizilinganisha na kuwatambia wenzake.

Ya kwanza ilimwonyesha kioo kizima kwa udogo wa stempu. Akigusa hapa, mshale unakwenda kule. Akasonya, akaifunga. Ya pili ilikuwa nyepesi na picha yake safi, ila alipolifikia tu faili ikamkata, ikidai anaitumia kibiashara bila kulipa. "Biashara gani, mpuuzi wewe?" aliiuliza simu. Akaigeukia aliyoiamini kuliko zote, isiyosumbuliwa na mtandao dhaifu. Faili likaanza kuja. Lilipofika nusu kioo kikawa cheusi, na kila alipojaribu tena akaambiwa kompyuta haipatikani. Akazitukana programu zote na waliozitengeneza.

Kisha akampigia mama yake.

"Mama, kompyuta imekuwaje?"

"Nimeichomoa. Radi inapiga huku, mwanangu. Tivii pia nimechomoa, na vioo nimevifunika shuka."

Makambako jua lilikuwa linawaka. Hulda hufanya hivyo kila mvua ya radi inapoanza, kama akina mama wote wa mtaa ule, na Damiano amekua akiliona jambo hilo. Hakukumbuka kumwambia chochote alipoondoka.

"Ichomeke uwashe. Sasa hivi."

"Mvua ikatike kwanza, baba."

"Ushamba wako unaniharibia kazi, mama. Sijui kwa nini naishi na wewe."

Akakata simu. Alipogeuka, Dorosela alikuwa amesimama nyuma yake na gauni lake, amesikia yote.

"Dada, samahani, ni huyu mama..."

"Si yeye. Flashi umesahau wewe," alisema Dorosela kwa hasira. "Nimeingojea sauti ya mama yangu tangu tumzike. Mpigie wako umwombe radhi. Wangu nikimpigia hapokei."

Damiano alijichukia. Akapiga, simu akaiweka spika.

Hulda alipokea mara moja, nyuma yake radi ikisikika. "Nimeshaichomeka, baba. Naogopa kuigusa tena, lakini usinikasirikie. Nibonyeze wapi?"

Damiano alimtazama Dorosela, na Dorosela akatikisa kichwa kukataa.

"Usibonyeze kitu, mama. Usiisogelee," alisema. "Nenda kakae chumba kingine. Tutasubiri mvua ikatike."

Dorosela akajifuta macho, akaenda kumwambia MC chakula kitangulie.