Shavu la Kulia

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokulia Newala, mtoto alijua kuna jambo akiona bibi yake anachoma mbarika, zile mbegu za nyonyo, mchana kweupe. Moshi wake mzito, unakaa kooni. Bibi yangu, Bibi Somoe, alikuwa akiyakusanya yale masizi kwenye kigae cha chungu, anayasaga, halafu anafungua kitambaa chekundu na kutoa kijembe chake. Wanawake walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kuchanjwa chale na yeye. Anakulaza kichwa mapajani, anavuta ngozi ya shavu kwa dole gumba, anakata, anasugua masizi. Kidonda kikipona una uso wa Kimakonde.

Msidhani maisha yalikuwa kuchanjwa tu. Maji tuliyafuata bondeni, ndoo kichwani, tunapanda kile kilima mpaka magoti yanatetemeka, na tukifika bado tunacheza rede mpaka tuitwe mara tatu. Msimu wa korosho tulikula mabibo mpaka sare ya shule, ile ile moja, inakuwa na madoa yasiyotoka. Na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, chumvi kidogo, unaimenya kwa meno! Mwanangu Rehema, aliyezaliwa hapa Johannesburg, nikimtajia ming'oko anauliza kama kwenye spaza, kiduka cha mtaani, wanauza. Huyo akikwaruzwa na paka anataka kliniki.

Nilikuwa na miaka tisa Bibi aliponiita. "Mke mwenzangu, leo zamu yako. Ukilia naacha."

Sikulia. Akamaliza shavu la kushoto, akanipangusa. "La kulia tutafanya hili likipona. Na maana ya mistari nitakwambia siku hiyo. Uso nusu hauelezwi."

Shuleni Mwalimu Nambunga aliniita mbele ya mstari, akanishika kidevu kama anakagua mbuzi. "Ushenzi huu utaisha lini?" Fimbo nne za mikono. Wiki mbili baadaye, siku ya shavu la pili, mbarika bado zinafuka, akaingia uani kwetu na Mjomba Bakari, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Mjomba Bakari ni mtoto wa kuzaa wa Bibi Somoe. Akachukua kijembe cha mama yake, akakitupa chooni, watu wanaangalia.

Bibi alisema neno moja tu. "Bakari, hicho ndicho kilichokulisha."

Hakuchanja tena. Masika yaliyofuata tukamzika. Mimi nikaishia darasa la nne, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa hiyo nawataja kwa majina, wawe hai wawe wamekufa. Nambunga. Bakari. Na wa tatu Bi Zainabu, jirani yetu, aliyekwenda kupeleka maneno kwa mwalimu. Hivyo ndivyo nilivyosimulia zaidi ya miaka arobaini.

Nusu uso huo nikaja nao huku. Siku walipochoma maduka ya wageni Jeppestown, nilikokuwa na duka, Vusi, kijana aliyenunua mkate kwangu kila asubuhi, ndiye aliyenyoosha kidole: "Yule mwenye mistari, si wa hapa!" Nilitokea dirisha la nyuma. Duka likabaki majivu, nami nikahamia chumba mtaa wa Bellevue.

Basi mwaka huu Rehema akaniambia kuna mtu kwenye karakana za Jeppestown, anatoka Samoa, visiwa vya mbali kabisa huko Pasifiki, anachora tatuu. "Eish, Mama, utatembea na nusu uso mpaka lini? Aifunike, au amalize."

Nikarudi Jeppestown mara ya kwanza tangu siku ile. Jina lake Tavita, jitu zima, mwenyewe amechorwa kuanzia kiunoni mpaka magotini. Hatumii mashine. Ana kitana cha meno ya mfupa kilichofungwa kwenye kijiti, anakigonga kwa kijiti kingine, tok, tok, na lazima mtu mwingine avute ngozi kwa mikono miwili. Akasema kwao wazee walitengeneza wino kwa masizi ya kokwa zenye mafuta. Nikanusa mbarika, wallahi, na hazikuwepo.

Akaligeuza shavu langu kwenye mwanga. Kisha akauliza, Rehema akitafsiri. Kwao mtu akiinuka mkekani kabla ya kumaliziwa, aibu anaibeba yeye na ukoo wake. "Anauliza, Mama, nani aliinuka? Wewe au bibi yako?"

Nikafungua mdomo nitaje majina yangu matatu. Hayakutoka.

Kwa sababu siku moja kabla ya shavu la pili nilijaza kapu la mabibo nikaenda nalo kwa Mwalimu Nambunga. Nilikuwa naogopa kijembe. Lile la kwanza nilivumilia, la pili nisingeweza. Nikamwambia mwalimu siku na saa.

"Mimi," nikasema.

Rehema hakutafsiri. "Mama, si ulisema ni yule jirani?"

"Mwambie ni mimi."

Tavita akanawa mikono, akatandika mkeka. Rehema, anayefumba macho akiona sindano, ndiye aliyevuta ngozi. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini akaniinamia sikioni: "Usilia, Mama. Ukilia anaacha."

Nililia. Tavita hakuacha.

Zamani nilikuwa na nusu uso na mtu anayejua maana yake. Leo mashavu yote yamejaa, la kulia limenakiliwa kutoka la kushoto, na Rehema akiniuliza mistari inasema nini, namwambia aliyejua tulishamzika. Vijana wa rika lake wanachagua picha za tatuu kwenye simu, wanalipia, wanaondoka. Siwacheki tena sana.

Nambunga na Bakari siwasamehe. Lakini Bi Zainabu, niliyemsingizia, kijiji kizima kiliacha kumsalimia mpaka anahama, na mimi nilikuwa nimekaa kizingitini naangalia akifunga mzigo. Kama unayesoma ni wa Newala na unawajua wajukuu zake, waambie si yeye. Ni mimi, na kapu la mabibo.