Bibi Aliyeshika Kiboko

Mchungaji wetu Mjerumani, hapa Kisarawe, alitusimulia kwamba katika mji wao wa kale watu huvaa kama mababu zao kila mwaka na kuigiza vita vya zamani. Akataka nasi tuigize jinsi askari wa Kijerumani, kabla hajaja Mwingereza, walivyomchapa mzee aliyekataa kulima pamba. Hakuna aliyekubali kuwa askari. Bibi mmoja akasimama, akajifunga kibwebwe.

"Nipeni kiboko. Aliyechapwa ni baba yangu."

Jumapili alikiinua juu ya mgongo wa mwalimu aliyeigiza mzee huyo. Akakitupa majanini, akamshika mkono.

"Inuka, baba, twende nyumbani."

"Lakini bibi," mchungaji akasema, "haikuwa hivyo."

"Najua," akajibu. "Nilikuwepo."