Vernell Pettaway na Milango ya Kigari cha Waitaliano

Kazi ya Vernell Pettaway ilikuwa milango. Kwa miaka ishirini na minne, katika kiwanda cha Hollander kwenye barabara ya Mound, kaskazini ya Detroit, alisimama mahali pamoja tu. Gari lilimjia likiwa tupu ubavuni, naye akalipachika mlango wa mbele wa kushoto, akakaza bawaba, akausukuma kwa kiganja na kusikiliza. Mlango uliokaa sawasawa hutoa mlio mmoja mzito, ukanyamaza. Uliokaa vibaya hulia mara mbili, na Vernell akisikia mlio wa pili alisimamisha laini nzima ya kuunda magari bila kumwomba mtu ruhusa.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwenye mwili, na sauti ambayo Jumapili iliwainua watu vitini kanisani. Baba yake alitoka Alabama akiwa kijana kuja kufanya kazi katika kiwanda hichohicho, enzi ambazo watu weusi walipewa kazi ya tanuri na si nyingine. Vernell mwenyewe alizaliwa umbali wa kusikia king'ora cha zamu. Hollander waliunda pikapu kubwakubwa, na mtu wa Mound aliona fahari kuliendesha gari alilolikaza kwa mikono yake.

Kisha mafuta yakapanda bei, benki zikaanguka, na watu wakaacha kununua pikapu. Juni mwaka 2009 laini ilisimama. Si kwa wiki mbili kama walivyozoea. Ilisimama tu.

Vernell hakuogopa kukaa bila kazi. Alichokiogopa kilikuwa nyumbani, kimeketi jikoni kikisoma gazeti. Mumewe, Lemuel, miaka miwili nyuma alikuwa amepewa figo na dada yake, na kila asubuhi na kila jioni alimeza vidonge ili mwili usiikatae figo hiyo. Vidonge vile vililipiwa na bima ya kiwanda. Kiwanda kikifa, bima inakufa. Bima ikifa... Hapo Vernell aliikata sentensi. Hata katika sala hakuwahi kuifikisha mwisho.

Novemba waliitwa kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Habari ilikuwa kwamba mahakama imeikabidhi Hollander, iliyofilisika, kwa kampuni ya Kiitaliano iitwayo Bresca, na Bresca hawakuja na fedha. Walikuja na magari madogo. Moja lilikuwa pale jukwaani, jekundu, la duara, milango miwili, limefika mabegani mwa mtu.

Ray Dombrowicz, mwakilishi wa chama, mtu mkubwa kama kabati, alilizunguka mara mbili.

"Hili ni gari," akauliza, "au ni kifaa kinachokuja na gari?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ingia basi, Ray," mtu akapiga kelele.

"Niingie? Hili mtu haingii. Hili mtu analivaa." Akageuka, na sasa hakuwa anacheka. "Jamani, tusidanganyane. Mtu wa hapa ana watoto watatu, mbwa, na theluji hadi magotini. Atanunua hili? Wametuona tunazama, wametutupia kijiko tuchotee maji."

Vernell alisimama. "Kijiko ni kijiko, Ray. Wewe una ndoo?"

"Sina."

"Basi kaa chini, tuchote."

Wakacheka tena, lakini kicheko cha pili kilikuwa na pumzi ndani yake.

Baada ya Krismasi Bresca walitaka watu kumi na wawili waende Turin, huko Italia, wiki tatu kujifunza kigari kile, na kwa upande wa milango lilitajwa jina la Vernell. Akakataa. Hakuwahi kupanda ndege, wala hakuwahi kulala mbali na Lemuel tangu siku ya upasuaji.

"Utakwenda," Lemuel akamwambia, huku akimenya chungwa.

"Na wewe nani atakuangalia?"

"Dada yangu anakuja. Tena yeye ana haki, mzigo ni wake, mimi nimewekewa tu." Akampa nusu ya chungwa. "Nenda, mama. Usipoenda wewe watampeleka mtu asiyesikia milango."

Akaenda.

Turin ilikuwa na baridi ya kistaarabu, na kahawa ambayo Vernell alidhani ni ya kuonja mpaka alipoambiwa ndiyo yenyewe. Kiwandani walimweka na mwanamke wa rika lake aitwaye Ornella Ghisleri, mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kati yao alisimama mkalimani mwembamba, ambaye kufika siku ya tatu alikuwa hana tena la kufanya wakati wa kazi, maana wale wawili walikuwa wakielewana kwa mikono.

Siku ya kwanza Vernell aliuchukua mlango kwa nguvu aliyoizoea, ukaruka nusura umpige usoni. Ulikuwa mwepesi kama sinia.

"Mama, huo si mlango wa benki!" Ornella akamfokea. "Vidole! Vidole viwili, hivi, kama unamwinua mtoto aliyelala."

"Mtoto wa kwetu, hata akiwa amelala, angeumeza huu kwa chai," Vernell akajibu, na mkalimani alipomaliza kutafsiri Ornella alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini adhuhuri moja, wakila mkate na jibini kwenye ngazi, Ornella akamtumia mkalimani kuuliza swali ambalo hakulicheka. "Nyinyi mkishajua kuliunda hili, sisi tutaunda nini?"

Vernell hakuwa amefikiri kwamba upande huu pia kulikuwa na mtu anayehesabu miaka iliyobaki. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka kengele.

Jambo lenyewe lilianza kwa mpira. Kila mlango wa gari una mpira unaozunguka ukingo wake kuzuia maji na upepo, na Vernell alikuwa ameshika mipira ile miaka ishirini na minne. Aliuminya wa kigari kwa kidole gumba, akauachia, hakuupenda. Ulirudi polepole mno. Akamtafuta mhandisi wa milango, bwana mpole aliyevaa vizuri, jina lake Massardo.

"Mpira huu mmeupima kwenye baridi ya kiasi gani?"

"Nyuzi kumi chini ya sifuri, signora. Umefaulu vizuri sana."

"Kwetu nyuzi kumi chini ya sifuri ni siku ya kuanika nguo."

Massardo akatabasamu, akasema vipimo viko sawa, akaenda zake.

Usiku huo Vernell hakupata usingizi. Aliona Januari ya Michigan: mwanamke anatoka kazini, anavuta mlango wa kigari chake kipya, mpira umekuwa jiwe, mlango haufungi, theluji inaingia mpaka kitini. Wanawake kumi wa namna hiyo wangetosha. Wangeambiana, na kigari kingekuwa kichekesho kabla ya Pasaka, na barabara ya Mound ingefungwa mara ya pili, safari hii moja kwa moja.

Kesho yake akamweleza Ornella. Ornella alimsikiliza, akavua glavu, akachukua kipande cha mpira kirefu kama mkono kutoka kwenye boksi la mabaki, akakitia mfukoni.

"Shemeji yangu ana ghala la samaki wa barafu," akasema. "Mle ndani hata shetani angevaa koti."

Kipande kililala ghalani siku mbili. Siku ya tatu Ornella alikileta ndani ya chombo cha barafu, na wanawake wawili wakamngoja Massardo mlangoni mwa ofisi yake, mbele ya wenzake wanne. Vernell akakitoa, akakikunja. Hakikurudi. Akakikunja zaidi kidogo, kikalia *ta*, kikavunjika mikononi mwake vipande viwili.

Kisha mmoja wa wale wanne akamuuliza Ornella kwa ukali nani alimpa ruhusa kutoa vifaa nje ya kiwanda.

"Hakuna," Ornella akajibu. "Nimeiba. Niandikie barua. Lakini vile vipande ni vingapi, bwana? Hesabu."

Massardo alivichukua vipande vile, akavigeuza, uso umemwiva. "Kubadilisha mpira ni miezi mitano," akasema. "Kiwanda chenu kinaanza Julai. Siwezi kukuahidi."

Kwa jibu hilo Vernell akarudi nyumbani, na kwa jibu hilo akaishi miezi mitano. Lemuel hakumuuliza sana. Alimwona tu akiosha sahani moja mara tatu.

Julai laini iliwashwa. Watu walirudi nusu, zamu moja. Asubuhi ya kwanza Vernell alifika kabla ya wenzake, akaenda moja kwa moja kwenye maboksi ya mipira, akachana moja kwa kisu. Akatoa mpira, akauminya kwa kidole gumba, akauachia. Ukaruka mahali pake. Akauminya tena. Ulikuwa laini, mnene zaidi, na juu ya boksi namba ilikuwa mpya. Ndani mlikuwa na karatasi yenye mstari mmoja kwa mwandiko wa mkono: "Nyuzi arobaini chini ya sifuri. Massardo."

Vernell alikaa juu ya maboksi yale. Ray Dombrowicz alimkuta hapo akifuta macho kwa glavu.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Vernell akamwambia. "Ndiyo maana nalia. Nivute niinuke."

Sasa, kigari hakikuruka sokoni kama malaika. Mtu asikudanganye. Miezi ya mwanzo kiliuzwa kidogo. Uwanja wa nyuma wa kiwanda ulijaa vigari vyekundu na vyeupe vilivyosubiri wanunuzi, na Ray kila akipita dirishani alisema, "Niliwaambia." Vernell aliendelea kusikiliza milango yake.

Baridi ya Januari ikaja, kali kuliko ya mwaka wa nyuma. Barua za wanunuzi zilibandikwa ubaoni, za kusifu na za kulalamika. Walilalamikia redio. Walilalamikia pa kuweka kikombe. Mwalimu mmoja wa Minnesota aliandika kwamba asubuhi ambayo gari la jirani yake liligoma kufunguka, chake kilifunguka na kufungwa kama friji. Vernell aliisoma ile ya Minnesota mara nyingi, akijifanya anatafuta tangazo jingine.

Halafu mafuta yakapanda tena. Machi, Aprili, uwanja wa nyuma ukaanza kupungua: wauguzi, wanafunzi, wazee waliochoka kutafuta pa kuegesha. Na asubuhi moja watu wa laini nzima walisogea dirishani kutazama kigari cheupe kikiingia langoni kimeinama upande mmoja. Mlango ukafunguka. Ukatoka mguu, ukakaa. Ukatoka wa pili. Mwishowe, kidogokidogo, akatoka Ray Dombrowicz.

"Ni la mke wangu!" akapaza sauti kabla hajaulizwa. "La kwangu liko kwa fundi!"

"Limekutosha kiunoni, Ray?" Vernell akamuuliza. "Au tukupunguzie?"

"Nyamaza wewe." Akaufunga mlango. Mlio ulikuwa mmoja tu. Ray akautazama mlango ule, akafungua, akafunga tena. "Hata hivyo," akasema polepole, "umefunga vizuri."

Je, kigari ndicho kilichoiokoa Hollander? Wenyewe wa Mound wanabishania jambo hilo mpaka leo. Peke yake kisingeweza, Ray alikuwa sahihi kwa hilo: watu wenye watoto watatu na mbwa hawakukinunua. Lakini chini ya kigari, pale magurudumu na injini vinaposhikana, mlikuwa na kitu ambacho Hollander hawakuwahi kukitengeneza, chepesi na kisichokunywa mafuta mengi. Mei wakatangaza kwamba juu ya msingi huohuo wa chini wataunda gari jingine, refu, la milango minne, lenye nafasi ya mbwa, na litaundwa barabara ya Mound. Na injini zitatoka Turin. Ornella alituma kadi. Kwa Kiingereza alichokopa kwenye kamusi aliandika kwamba barua ya kumkaripia alipewa kweli, ameibandika jikoni, na kazi ipo.

Vernell alipompelekea Lemuel habari alimkuta bustanini, amepiga magoti kwenye nyanya.

"Milango minne," akamwambia.

"Minne?"

"Minne, Lem. Na zamu ya pili inarudi."

Lemuel hakusimama. Alimvuta mkewe kwa mkono, naye akashuka na ukubwa wake wote akakaa udongoni na nguo zake za kazi. Hakuna aliyetaja vidonge. Walikaa pale mpaka jirani akauliza juu ya uzio kama kuna aliyeanguka.

"Tumepumzika," Vernell akamjibu.

Jumatatu ya pili ya Septemba, saa nane na nusu mchana, zamu ya pili iliingia. Walikuwa wamekaa nje miaka miwili. Baadhi walikuwa wamenenepa, baadhi wamekonda, mmoja alikuwa amejifunza ukinyozi. Vernell alikuwa amemaliza saa zake, lakini alibaki kumpokea mwanamke atakayesimama mahali pake, Thelma Okrzesik, aliyezoea pikapu. Thelma aliunyakua mlango kwa mikono miwili, ukaruka.

"Polepole, shoga," Vernell akamwambia, akamwekea mkono mgongoni. "Vidole viwili."

Thelma akajaribu tena. Mlango ukaingia kwenye bawaba. Akaukaza, akausukuma, wote wawili wakainamisha vichwa, wakasikiliza, na gari likasogea mbele kwa mtu wa kufunga viti.