Karibu ya Kondo

Mwinyimvua wa Maparoni hakuwa na nguvu za kukata mikoko wala sauti ya kufokea wakataji, na bado Mjerumani wa misitu alimfanya nyapara wa kambi ya boriti jirani na Kiongoroni, kwenye delta ya kwao. Alichokuwa nacho ni kujua, kabla mtu hajafungua mdomo, kama ameamka na hasira, na hasira hiyo ni ya nani. Siku hizi kipaji hicho kina jina refu, na watu hukisomea ukumbini kwa chai na sambusa. Mwaka ule wa 1905 kiliitwa kujua watu, na tuzo yake ilikuwa kofia nyekundu ya unyapara.

Kazi yake kubwa aliifanya wakati wa kula. Wakataji walikula sinia kwa sinia, naye ndiye aliyepanga nani akae na nani. Waliogombania shoka asubuhi hakuwatenganisha. Aliwakalisha pamoja mbele ya samaki mmoja mwenye miba mingi, kwa sababu ni vigumu kuchambua miba ya samaki mmoja huku mmenuniana. Mwenye msiba alimjua kwa tonge: aliyemega matonge madogo alitolewa kesho yake kwenye matope, akapewa kubandua maganda kivulini, bila kuulizwa kitu. Kambi nyingine zilitumia kiboko, zikapata boriti chache na watoro wengi. Mjerumani aliiona tofauti hiyo, akaamini imetokana na nidhamu yake mwenyewe.

Ila anayepanga masinia hana sinia lake. Angekaa na wakataji wa delta, wale waliotoka milimani wangesema anapendelea. Angekaa na wa milimani, ndugu zake wangesema amewauza. Basi alikula peke yake, kwenye kibakuli, nyuma ya rundo la boriti. Kila jioni akipita walimwambia, "Karibu, nyapara," naye akajibu, "Ahsanteni, nimeshiba," na hakuna mkono uliosita siniani kumsubiri. Kule Maparoni, mkewe Mwanawetu alishaomba talaka. "Nilitaka mume wa kugombana naye," aliwaambia wazee, "mmenipa kadhi."

Mtu mmoja tu kambini alimtania: Kondo, Mmatumbi, mkubwa wa wakataji wa milimani.

"Nyapara, wewe unashiba nini? Moshi?"

"Nashiba kelele zako."

Huo ndio ulikuwa urafiki wote aliokuwa nao, na aliutunza kwa kutouongeza.

Mwezi wa nane habari zikashuka kutoka Umatumbi. Pamba ya serikali imeng'olewa. Kuna maji ya dawa. Ukiyanywa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Mjerumani akamwita nyapara barazani.

"Watu wako wa milimani. Wanataka nini?"

"Chumvi, bwana. Imepungua."

"Wakitoroka, nitamfunga kila aliyekuwa upande wao. Na anayekula nao ni mmoja wao." Akamweka askari barazani, macho kwenye masinia.

Jioni ile Mwinyimvua akapita kama kawaida. Watu wa milimani walikula polepole, bila mzaha.

"Karibu, nyapara," Kondo alisema. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa: akasogeza goti. Jamvini ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Mkono wake ukasimama nje ya sinia, ukingoja.

Mwinyimvua hakuhitaji kuambiwa zaidi. Wamekunywa dawa. Wanaondoka. Na huyu hataki kuondoka kabla hajala naye. Akikaa, askari atamwona, na kesho atakuwa kwenye mnyororo. Akipita, hakutakuwa na mtu mwingine wa kumsogezea goti.

"Kaa, bwana," Kondo alisema kwa sauti ya chini. "Tonge moja tu. Leo sina kelele."

"Ahsanteni," alisema Mwinyimvua. "Nimeshiba."

Kondo akamtazama, akacheka kidogo. "Haya. Shiba, nyapara." Akalirudisha goti.

Asubuhi hawakuwapo. Mwinyimvua alimwambia Mjerumani kwamba yeye mwenyewe amewatuma kukata kwenye mkono wa mbali wa mto, na uongo huo ukawapa muda wa kutosha. Ulipofichuka, Mjerumani alifoka. Mwinyimvua akasikia kwamba ile si hasira, ni woga, akamweleza taratibu jinsi wakubwa watakavyomsifu kwa kambi isiyomwaga damu. Walimsifu kweli. Mwinyimvua akafanywa nyapara mkuu.

Risasi hazikugeuka maji. Baada ya vita ikaja njaa, na hakuna aliyerudi kusema Kondo aliangukia wapi.

Wakaletwa wakataji wapya. Watu wa kambi wakashangaa kumwona nyapara mkuu ameacha kibakuli. Alipika wali wa sinia zima, akakaa nalo kando ya njia ya kutokea mikokoni, upande mmoja wa jamvi, goti amelisogeza.

"Karibuni," aliwaambia wakipita, na mkono wake ukasimama nje ya sinia.

"Ahsante, nyapara mkuu, tumeshiba."

Hawakuwa wamekula tangu alfajiri. Aliliona hilo katika mwendo wao, kwani kipaji hakikuwa kimemtoka. Akangoja mpaka wa mwisho apite, kisha akaanza kula, bila kulirudisha goti.